Kidole gumba cha mguu kimesagika: nichongwe mfupa au nikazwe kiungo?

Fundi wa Ngamiani

Assalaam alaykum, na habari zenu wakuu. Naomba waliowahi kupasuliwa kidole gumba cha mguu wanisaidie. Natakiwa kumpa daktari jibu, na kila ninayemuuliza mtaani anajua habari za magoti na nyonga tu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 57, fundi cherehani hapa Tanga. Nashona madera mwaka mzima, na ikikaribia Januari nashona sare za shule usiku na mchana. Kidole chenyewe ni cha mguu wa kulia. Kilianza kwa kukakamaa asubuhi, mpaka nitembee kidogo ndiyo kinalegea. Baadaye likaota nundu gumu juu ya kiungo, pale kidole kinapoanzia, likawa halielewani na kiatu chochote. Sasa nikiinua kisigino tu ili nipige hatua, maumivu yanapanda hadi kwenye muundi. Natembelea ubavu wa nje wa mguu, na goti nalo limeanza kuuma.

Kuna duka la dawa walinihakikishia kuwa ni gauti. Nikaacha nyama nyekundu, nikaacha maharage na dagaa, nikanunua vidonge kwa muda mrefu na hakuna kilichobadilika. Nilipokwenda hospitali wakanipiga eksirei nimesimama, ndipo ukweli ukaonekana. Nafasi ya katikati ya kiungo imekwisha, mfupa unagusana na mfupa, na juu yake kuna vipande vya mfupa vilivyoota. Nilichomwa sindano ndani ya kiungo, nikapata nafuu ya muda, kisha yakarudi yaleyale.

Daktari wa mifupa amenipa njia mbili. Moja ni kuuchonga ule mfupa uliozidi ili kidole kipate nafasi ya kukunjika. Nyingine, ndiyo ya kukaza, ni kuondoa gegedu lote lililobaki (ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) na kuiunganisha mifupa miwili kwa bamba na skrubu iwe mmoja, kidole kisikunjike tena maisha yangu yote. Yeye anaegemea hii ya pili, ila kasema uamuzi ni wangu.

Hofu yangu ni hii. Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu. Choo cha nyumbani ni cha kuchuchumaa. Na kubwa zaidi ni swala: kwenye tahiyatu mguu wa kulia ndio tunaousimamisha, vidole vimekunjwa kuelekea kibla. Kidole kisichokunjika nitasujudu nacho vipi? Naombeni mnieleze kwa kina, hata kama ni jambo dogo.

Mwalimu Mstaafu

Pole sana dada. Mimi nilikazwa kidole cha mguu wa kushoto. Niko Kilimanjaro, huku kwetu kila njia ni kupanda au kushuka, na shamba langu la migomba na kahawa liko kwenye mteremko. Nimesoma ulichoandika nikajiona kabisa, hasa hapo pa kutembelea ubavu wa mguu. Chanzo changu mimi ni mpira wa miguu, miaka ya ujana tukicheza peku kwenye viwanja vya kokoto.

Jambo la kwanza ambalo hakuna aliyeniambia mapema: kabla ya kukazwa, kidole changu kilikuwa kimeshaacha kukunjika. Nilikuwa naogopa kupoteza kitu ambacho sikuwa nacho. Kaa kitini, shika kidole kwa mkono, kiinue taratibu uone kinafika wapi. Changu kilikuwa kinanyanyuka kidogo sana kisha kinagonga mfupa. Huo mwendo kidogo uliobaki ndio uliokuwa unanikosesha usingizi.

Baada ya upasuaji nilipewa kiatu chenye soli ngumu iliyo nene upande wa nyuma, unakanyaga kwa kisigino tu, mbele hakuguswi. Wengine hufungwa hogo la plasta, inategemea daktari. Muda unaotajwa sana ni wiki 6, ndipo eksirei inaonyesha kama mfupa umeanza kushika. Wiki mbili za mwanzo mguu unatakiwa ukae juu kuliko kiuno karibu muda wote. Si suala la kuvumilia, damu inashuka na kidonda kinavimba, na kidonda kilichovimba ni kigumu kupona. Tafuta mtu wa kukupikia na kukuchotea maji, na mpange mapema.

Kuvimba kuliendelea miezi mingi, hasa jioni. Usishtuke. Ila yale maumivu ya mfupa kusagana yaliondoka na hayajarudi. Napanda shambani, nashuka na mkungu begani. Kinachonishinda ni kupiga magoti nikiwa nimesimamia ncha za vidole, na kukimbia mbio za kasi. Kuchuchumaa naweza, mradi nyayo zote ziwe chini, kisigino na mbele. Ukizoea kuchuchumaa kwa kunyanyua visigino, anza kujizoeza sasa hivi kushusha kisigino, kabla ya upasuaji.

Mzee wa Miti Shamba

Dada usikimbilie visu. Huo ni ubaridi. Chua kwa mafuta ya mkaratusi ya moto, halafu tafuta mkandaji mzuri akivute kidole na kukizungusha mpaka kilie. Mama yangu alipona hivyo.

Nesi wa Thieta

Mzee wangu shikamoo. Kuchua kwa mafuta juujuu hakuna ubaya, kunatuliza misuli. Ila kukivuta na kukizungusha kiungo ambacho gegedu limekwisha naomba asifanyiwe. Mfupa unasuguliwa kwenye mfupa, anaamka kesho kimevimba zaidi.

Dada fundi, pole. Mimi nafanya kazi chumba cha upasuaji wa mifupa, kwa hiyo nakueleza ninachokiona mezani na kinachojulikana. Daktari aliyekupima ndiye mwenye neno la mwisho.

Kitu cha kujua kabla ya kuchagua ni mahali maumivu yanapotokea. Kuna watu wanaumia kidole kinapofika mwisho tu wa kukunjika, pale nundu la juu linapobanwa. Katikati ya mwendo hawasikii kitu. Hao ndio wanaofaidika na kuchongwa. Daktari anafungua juu ya kiungo, anaondoa vipande vilivyoota pamoja na sehemu ya juu ya kichwa cha mfupa, robo hivi au kuzidi kidogo, kisha anakikunja kidole palepale mezani kuona kama njia imefunguka. Hakuna vyuma. Mgonjwa anaanza kukichezesha kidole mapema sana, na asipokichezesha kovu linakifunga.

Wengine wanaumia hata kidole kikiwa kimenyooka katikati, ukikibonyeza kidogo na kukisokota wanaruka. Hapo tatizo limeenea ndani ya kiungo chote, na nundu ni sehemu yake tu. Ukimchonga mtu huyo nundu linaondoka, viatu vinamkaa vizuri, lakini maumivu yanabaki. Madaktari hupanga ugonjwa huu kwa daraja, 0 mpaka 4, na hilo la kuumia katikati ya mwendo ndilo linalotenganisha daraja la 4 na la 3. Rudi kwa daktari umwambie: nishike kidole kikiwa katikati, kisokote, tuone. Eksirei peke yake haimalizi, maana kuna watu picha zao ni mbaya na maumivu yao madogo.

Kuhusu kukaza: zaidi ya watu 9 kati ya 10 mifupa yao inashika vizuri. Hatari ya kutoshika ni kubwa zaidi kwa wavuta sigara na wenye sukari isiyodhibitiwa, kwa hiyo pima sukari kabla, hata kama hujawahi kuambiwa unayo. Na umwambie daktari lini ulichomwa ile sindano ya kwenye kiungo, maana wengi hupenda miezi kadhaa ipite kabla hawajafungua, kuepusha maambukizi.

Utasikia pia habari za njia nyingine. Ipo ya zamani ya daktari aitwaye Keller, tangu 1904, wanaondoa kipande cha nyuma cha mfupa wa kidole na kuacha nafasi. Inapunguza maumivu, ila kidole kinafupika, kinakosa nguvu ya kusukuma ardhi, na mzigo unahamia kwenye vidole vya pembeni. Siku hizi inabaki zaidi kwa wazee sana wasiotembea sana. Wewe unasimama kutwa na kukanyaga cherehani, nisingekuombea hiyo. Ipo ya kukata kabari ndogo ya mfupa wa kidole ili kidole kielekee juu kidogo, mara nyingi huambatana na kuchonga. Na vipo viungo vya bandia. Vya silikoni vilionekana kulika na kuharibu mfupa wa jirani. Kuna kile kizibo laini cha Cartiva, kiliruhusiwa Marekani 2016, kikaondolewa sokoni na kampuni yenyewe 2024 kwa sababu waliohitaji kurudiwa upasuaji walizidi matarajio. Nakuambia hili kwa sababu video za kukisifu bado zipo mitandaoni, na mtu anaweza kukushawishi ukakitafute nje ya nchi.

La mwisho kwa leo, kwa maumivu unatumia dawa ya daiklofenaki? Kama una presha au figo zina shida, usijipangie mwenyewe dozi.

Fundi wa Ngamiani

Nesi, Mungu akuzidishie. Nilikuwa natumia daiklofenaki na nina presha. Nimeisimamisha leo, kesho nakwenda kituo cha afya kuuliza mbadala.

Mwalimu, nimekaa nikakiinua kidole kama ulivyosema. Hakinyanyuki hata upana wa kidole kimoja cha mkono. Cha kushoto kinapanda chenyewe.

Swali la swala bado linanikera moyoni.

Binti Unguja

Waalaykum salaam mamangu. Nakujibu kutoka Maskati, nyumbani kwetu ni Unguja. Mimi ni yule wa kuchongwa, na shangazi yangu kakazwa, kwa hiyo naweza kukupa pande zote mbili.

Mimi nilichongwa kabla sijafika arobaini. Kidole kilikuwa kinauma mwisho tu wa kukunja, kama nesi alivyoeleza. Kutembea nilirudi haraka, mazoezi ya kukikunja yaliniliza, lakini nilipata tena sijda kamili na tahiyatu kamili. Miaka imepita na sasa kimeanza tena kukakamaa kwa baridi ya viyoyozi. Daktari aliniambia tangu mwanzo kuwa kuchonga hakuzuii ugonjwa kuendelea, na kwamba nikihitaji kukazwa baadaye mlango uko wazi. Kwa umri wangu ule lilikuwa chaguo zuri na ningelichagua tena.

Shangazi yeye alikazwa akiwa mtu mzima kama wewe, mguu huohuo wa kulia. Kwenye tahiyatu hausimamishi, anaulaza, anakaa mapaja yameelekea upande. Kwenye sijda anaulaza pia, mgongo wa mguu chini, kwa sababu ukiusimamisha mwili wote unamlemea kwenye ncha ya kidole. Kuinuka ndiko kulikomsumbua zaidi, akawa anaegemea mikono na kuanza na mguu wa kushoto. Miezi ya mwanzo aliswali kwenye kiti.

Aliumia sana rohoni kwa ajili ya ile hadithi ya sijda juu ya viungo saba, na ncha za miguu zimo. Sheikh wetu alimsomea ya Imran bin Husayn, aliyekuwa na maradhi, Mtume s.a.w. akamwambia aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Mwenye kukazwa kiungo ana udhuru ulio wazi. Muulize sheikh wako pia, mpelekee na maneno ya daktari, usiende na hofu tu. Lakini mamangu, hivi sasa unasujudu vipi na kidole kisichonyanyuka? Nina hakika umeshaanza kuulaza bila kujua.

Fundi wa Ngamiani

Binti yangu, umesema kweli. Naulaza, na nikijilazimisha kuusimamisha natoa machozi kwenye swala, akili yote inahamia mguuni.

Nimerudi kwa daktari. Kabla sijamaliza kumwomba alishakishika kidole kikiwa kimenyooka, akakisukuma ndani kidogo na kukisokota. Niliushika mkono wake nikamwomba aache. Akanionyesha na kidole cha kushoto, akakifanyia vilevile, sikusikia kitu. Basi nimekubali kukazwa. Mwanangu wa kike atashika cherehani, na tumepanga iwe baada ya sare za Januari, nisiwaache wateja wangu solemba watoto wakiwa wanaingia shule.

Nesi, nina swali moja lililobaki. Daktari anajuaje akikaze kikiwa kimeelekea wapi? Kikikazwa vibaya si ndiyo maisha? Na kukanyaga cherehani nitarudi?

Nesi wa Thieta

Hilo swali lako ni zuri kuliko yote, kwa sababu hapo ndipo upasuaji huu unapofanikiwa au kuharibika.

Kidole kikikazwa kimelala chini sana, ncha inagonga ardhi kila hatua na kiungo kidogo cha mbele, kile kilicho karibu na ukucha, kinabeba kazi yote na chenyewe kinaanza kuugua. Kikikazwa kimeinuka sana, ukucha unasuguana na kiatu na mzigo unaangukia chini ya unyayo. Kinachotafutwa ni kiwe kimeinuka kidogo kutoka ardhini, nyuzi 10 mpaka 15 hivi, kimeelekea kidogo upande wa vidole wenzake, na ukucha unatazama juu bila kupinda.

Namna inavyofanyika ni hii. Daktari akishasafisha ncha mbili za mfupa, anakishikilia kidole kwa waya mwembamba kwa muda. Kisha ananiomba kitu bapa kilichochemshwa, sisi hutumia mfuniko wa boksi la vyombo. Anauweka chini ya unyayo wako ukiwa umelala, anausukuma kana kwamba umesimama sakafuni. Anatazama kama nyama ya chini ya kidole inagusa mfuniko, na kama ncha ya kidole inaweza kushuka na kuugusa mfuniko huo, kiungo cha mbele kikikunjwa. Hakijakaa sawa, waya unatolewa na anaanza upya. Nimemwona daktari akirudia mpaka aridhike ndipo anaweka bamba na skrubu. Kwa hiyo hakisiwi kwa macho tu.

Wewe kabla ya siku hiyo mpelekee viatu unavyovaa kila siku, makobazi, raba, na cha harusini kama unacho. Mwanamke anayetaka kisigino kirefu ajue mapema kwamba hakitawezekana, kifupi cha sentimita mbili tatu ndiyo kiasi. Mwambie na kazi yako. Daktari asiyejua kwamba unakanyaga pedali hawezi kuifikiria.

Cherehani utarudi. Pedali inaendeshwa na kifundo cha mguu, kidole hakihitajiki kukunjika, mradi unyayo wote ukae juu ya pedali badala ya kubonyeza kwa ncha. Subiri tu eksirei ioneshe mfupa umeshika. Ukiweza kufunga mota ya pembeni, ifunge mapema na ujizoeze kuikanyaga kwa mguu wa kushoto, utashona hata kabla wa kulia haujaruhusiwa. Bamba na skrubu hubaki humo, hazitolewi isipokuwa zikikusumbua. Ulizia na bima yako kama inalipia vyuma, wakati mwingine upasuaji unalipiwa na vyuma unaambiwa ununue.

Mwalimu Mstaafu

Naongeza mawili kwa sababu dada kasema hata madogo tueleze.

Katika huu muda wa kusubiri mpaka baada ya Januari, usikae na maumivu bure. Mpelekee fundi viatu raba zako, mwambie abandike soli ngumu isiyopinda kabisa, na upande wa mbele aipandishe kama mguu wa kiti cha kubembea, ili kiatu kibingirike chenyewe bila kidole kukunjika. Mimi fundi wa sokoni alinitengenezea kwa mpira wa tairi, na niliendelea kuzivaa hata baada ya kupona. Nundu la juu mwombe alitobolee nafasi kwenye ngozi ya kiatu, au avute ngozi pale.

Na siku ya kuruhusiwa kutoka hospitali usipande bodaboda. Bajaji au teksi, ukae kiti cha nyuma mguu umeunyoosha juu ya kiti. Ganzi ikiisha ukiwa njiani huo mtikisiko wa barabara utausikia, kwa hiyo kunywa dawa ya maumivu waliyokupa kabla hujaondoka wodini.